Konokono wa kichocho na majirani zake: ulinganisho wa magamba kwa anayetaka kuwatambua

Chota kwa wavu mara moja kwenye mfereji wa mpunga kule Mwea nchini Kenya, au kwenye kidimbwi cha kijijini Pemba, na huenda ukapata konokono wa aina tatu, nne, hata tano wamechanganyika na majani na matope. Katika hao, pengine mmoja ndiye anayeweza kubeba kichocho. Mwingine huenda anabeba minyoo ya ini ya ng'ombe. Waliobaki hawana kesi na mtu, isipokuwa mmoja mgeni ambaye wakulima wa mpunga wana sababu nzuri ya kumchukia kuliko wote.

Mabango ya afya huandika "konokono" tu, kana kwamba wote ni kiumbe mmoja. Ndiyo maana utakuta watu wameokota na kuponda mamia ya konokono warefu wasiohusika na kichocho hata kidogo, huku yule mwenye kesi akiendelea kutaga mayai yake chini ya majani ya yungiyungi.

Hapa nawaweka ubavu kwa ubavu, wawili wawili, kwa ajili ya mwalimu wa sayansi, mhudumu wa afya ya jamii, mfugaji wa samaki au mkulima asiye na darubini wala maabara. Alicho nacho ni gamba, na gamba linatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, mradi ajue sehemu zake zinaitwaje na zipi kati ya hizo zina uzito.

Gamba limegawanyika vipi

Konokono hawa wote ni gastropoda, yaani moluska wa gamba moja, tofauti na chaza mwenye makombe mawili yanayofumbana. Gamba hilo moja ni mrija unaopanuka kadiri mnyama anavyokua, ukijizungusha kwenye mhimili wa katikati. Sehemu ya kwanza kabisa kujengwa, ile ya utotoni, ndiyo kilele. Kila duara la mrija ni mzunguko. Mzunguko wa mwisho, ambao ndio mkubwa kuliko yote, tuuite tumbo. Mizunguko yote iliyo juu ya tumbo, kwa pamoja, ni mnara. Pale mzunguko mmoja unapogusana na mwenzake pana mstari, nao ni mshono. Tundu anapotokea mnyama ni kinywa, na ukingo wa tundu hilo ni mdomo. Baadhi ya magamba yana kishimo upande wa chini, kando ya mhimili: hicho ni kitovu. Na baadhi ya konokono wana kifuniko, kibamba kilichoshikamana na mguu wa mnyama, kinachoziba kinywa pale anapojirudisha ndani.

Maneno kumi hivi. Kwa konokono wa maji baridi wa Afrika Mashariki, matatu yanafanya kazi kuliko mengine yote: kifuniko, upande wa kinywa, na mnara. Mshono na kitovu vinaitwa kama mashahidi pale kesi inapokuwa ngumu.

Ukubwa na rangi, ambavyo ndivyo macho hukimbilia kwanza, viweke pembeni. Rangi ya konokono wa mferejini mara nyingi ni rangi ya matope na mwani uliomganda. Msugue kwanza kwa mswaki wa zamani, utashangaa. Na kuhusu ukubwa, kila konokono mkubwa aliwahi kuwa mdogo, na mdogo wa aina moja hulingana na mzima wa aina nyingine.

Kifuniko au upande wa kinywa: kipi kianze?

Watu wanaoshughulika na konokono hawakubaliani sana hapa, na kila upande una hoja.

Anayeanza na kifuniko ana hoja nzito. Konokono wote wanaoeneza kichocho barani Afrika hawana kifuniko. Ni konokono wanaovuta hewa kwa pafu, na hupanda juu ya maji mara kwa mara kupumua. Kwa hiyo ukimweka konokono hai kwenye chupa ya kioo, ukamgusa kwa kijiti, ukaona kinywa kimezibwa na kibamba, umeshamwondoa kwenye orodha ya washukiwa wa kichocho kwa jaribio moja la nusu dakika. Hakuna istilahi nyingine inayofuta majina mengi kwa haraka hivyo. Angalia tu usiipeleke kanuni hii Asia: konokono wa kichocho wa China na Ufilipino, Oncomelania, anacho kifuniko.

Udhaifu wake ni kwamba kifuniko ni mali ya mnyama, si ya gamba. Konokono akifa na kuoza, kifuniko hudondoka. Gamba tupu lililookotwa ufukweni mwa ziwa haliwezi kukuambia kama liliwahi kuwa nacho. Na konokono wadogo waoga hujivuta ndani sana hivi kwamba huoni kitu.

Anayeanza na upande wa kinywa hana shida hiyo. Shika gamba kilele kikiwa juu, kinywa kikikutazama. Kinywa kikiwa upande wako wa kulia, gamba ni la kulia. Kikiwa kushoto, ni la kushoto. Jaribio hili linafanya kazi kwa aliye hai, aliyekufa, aliyevunjika nusu, hata aliyegeuka jiwe. Nalo ni la kuaminika ndani ya aina moja, kwa sababu upande wa kujizungusha unatawaliwa na jeni, tena kwa namna ya ajabu: jeni za mama ndizo huamua mtoto atajizungusha upande gani, si za mtoto mwenyewe. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1923 kwa konokono wa madimbwi wa Uingereza. Mmoja mmoja aliyegeuka kinyume cha wenzake huzaliwa, lakini ni nadra kiasi cha kuwa habari.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye mikono ya mtu. Wengi hushika gamba kilele chini bila kufikiri, na hapo kulia kunakuwa kushoto kwa mshikaji asiye makini. Siku hizi kuna mtego mwingine: kamera ya mbele ya simu. Baadhi ya simu hugeuza picha ya kamera hiyo kama kioo, kwa hiyo konokono wa kushoto anatumwa kwenye kundi la WhatsApp akiwa wa kulia. Ukitaka kupiga picha ya utambuzi, tumia kamera ya nyuma, na weka karatasi yenye maandishi kando ya gamba. Maandishi yakisomeka, picha haijageuzwa.

Nikilazimishwa kuchagua: kwa konokono hai naanza na kifuniko, kwa gamba tupu naanza na upande. Na kama nina kipindi kimoja tu cha kufundisha darasa la sita, nafundisha upande wa kinywa, kwa kuwa watoto wakitumwa kuleta konokono huleta magamba matupu. Hilo ndilo ninalolitaka hata hivyo, kwa sababu mtoto hatakiwi kabisa kutia mkono kwenye maji hayo kutafuta walio hai.

| Konokono | Kifuniko | Kinywa | Umbo | Kesi yake |
|---|---|---|---|---|
| Bulinus | hana | kushoto | mnara wa wastani, tumbo nene | kichocho cha kibofu |
| Biomphalaria | hana | usipoteze muda | bapa, hana mnara | kichocho cha utumbo |
| Radix natalensis | hana | kulia | mnara mfupi, kinywa kipana sana | minyoo ya ini ya mifugo |
| Physella acuta | hana | kushoto | mnara wenye ncha kali, gamba linang'aa | hahusiki na kichocho |
| Melanoides tuberculata | anacho | kulia | mrefu, mwembamba, wenye matuta | hahusiki na kichocho |
| Lanistes | anacho | kushoto | mkubwa, wa mviringo, ana kitovu | hahusiki na kichocho |
| Pila ovata | anacho, kigumu cha chokaa | kulia | mkubwa, wa mviringo | hahusiki na kichocho |
| Pomacea canaliculata | anacho, chepesi | kulia | mkubwa, mshono umezama | anakula mpunga |

Bulinus na Radix

Hawa ndio wanaochanganywa zaidi, na ndio inafaa ujifunze nao kwanza. Wote hawana kifuniko. Wote wana gamba jembamba la kahawia. Wote hukaa chini ya majani yanayoelea, na wote huishia kwenye sentimita mbili hivi, kidogo juu au chini. Ukiwaweka mezani pamoja, mwanafunzi atakuambia ni aina moja.

Sasa wasimamishe kilele juu. Bulinus anafungua kinywa kushoto, Radix kulia, na kesi imekwisha. Ukitaka uthibitisho, tazama uwiano wa kinywa na gamba zima: kwa Radix kinywa ni kikubwa kupita kiasi, kinachukua zaidi ya nusu ya urefu, na mnara umebaki kidude kifupi tu juu yake. Kwa Bulinus mnara una heshima yake. Akiwa hai na ametulia, tazama pia pembe zake: za Radix ni bapa, za pembetatu, za Bulinus ni nyembamba kama uzi.

Kwa nini kujisumbua? Kwa sababu Bulinus ni mambo ya zahanati na Radix ni mambo ya ofisi ya mifugo. Radix natalensis hukuza minyoo bapa ya ini, Fasciola gigantica, inayofanya maini ya ng'ombe yatupwe machinjioni. Mfugaji anayelisha kwenye bonde lenye majimaji akimkuta Radix kwa wingi ana jambo la kuzungumza na daktari wa mifugo. Nyanda za juu zenye baridi kuna ndugu yake mdogo, Galba truncatula, ambaye mara nyingi hafiki sentimita moja na mizunguko yake imepangana kwa ngazi, mshono ukiwa wa kina. Huyo anakuza minyoo ya ini ya aina nyingine, Fasciola hepatica.

Tofauti za magamba ziliwahi kusaidia kumaliza ubishi mkubwa wa kitabibu. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho mjini Cairo mwaka 1851, lakini kwa zaidi ya miaka 60 baadaye watu walibishana kama kichocho cha kibofu na kile cha utumbo ni ugonjwa mmoja au miwili, na mtu anaupataje. Mwaka 1915 Robert Leiper, akifanya kazi Misri, alionyesha kwamba vijidudu vya kichocho hukulia ndani ya konokono, na kwamba minyoo ya aina mbili inapita kwa konokono wa aina mbili: mmoja Bulinus, mwingine yule bapa tunayemwita leo Biomphalaria. Konokono wawili wasiofanana hata kidogo, na minyoo miwili tofauti.

Bulinus na Physella

Huu ndio mtanange mgumu, maana jaribio la kifuniko na la upande yote mawili yanatoa jibu moja: hana, kushoto. Physella acuta asili yake ni Amerika Kaskazini, na ameenea sehemu nyingi za dunia kwa njia ya mimea na samaki wa mapambo. Akifika kwenye bwawa la samaki au bustani ya hoteli, wenyeji wanapata hofu ya bure.

Tazama uso wa gamba. La Physella ni laini na linang'aa hata likikauka, karibu uone ndani. La Bulinus ni la kufifia. Mnara wa Physella una ncha kali, wakati kilele cha Bulinus wengi wa kwetu ni butu. Kwa aliye hai kuna ushahidi bora: pindo la mwili wa Physella lina vidole vidogo vinavyopanda juu ya gamba kutoka nje. Bulinus hana vidole hivyo. Ukibaki na shaka, mhesabu kama Bulinus na upate ushauri. Kosa la upande huo halimdhuru mtu.

Bulinus na Lanistes

Wote kushoto, lakini Lanistes ana kifuniko. Akiwa hai hakuna mjadala. Akiwa gamba tupu na bado mchanga, hapo ndipo kitovu kinapoitwa. Kwa Lanistes kitovu mara nyingi kiko wazi, ni kishimo unachokiona bila kutafuta. Kwa Bulinus ni kidogo au kimefunikwa na mdomo wa ndani. Gamba la Lanistes pia ni nene zaidi. Mzima wake hupita sentimita tatu kwa urahisi, kipimo ambacho Bulinus hafiki.

Lanistes ana kioja chake. Gamba ni la kushoto, lakini mwili uliomo ndani umepangika kama wa konokono wa kulia. Wataalamu wanalieleza hivi: ni gamba la kulia lililosukuma mnara wake kuelekea chini badala ya juu, kwa hiyo ukilishika kwa kanuni ya kawaida linaonekana kushoto. Kwa kazi yetu haibadilishi kitu. Mwandike kushoto.

Biomphalaria na vibapa wenzake

Biomphalaria huhitaji kumfundisha mtu mara mbili. Mizunguko yote imelala kwenye usawa mmoja kama ngata ya kubebea ndoo, pande zote mbili zikiwa zimebonyea katikati. Jaribio la upande wa kinywa halina kazi hapa: hakuna mnara wa kukuonyesha juu ni wapi, na ukimgeuza tu, kulia kunakuwa kushoto. Watu huharibu muda mwingi kwenye swali hili. Liache.

Mzima wake hufika sentimita moja na nusu hivi. Kwa makazi, B. pfeifferi hupenda vijito na mifereji ya umwagiliaji, ndiyo maana mashamba ya Mwea yanajulikana kwa kichocho cha utumbo. Kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye mafunjo na majimaji ya ufukweni, yuko B. sudanica, na ndani zaidi ya ziwa yuko B. choanomphala. Kutofautisha hawa watatu kwa gamba peke yake ni kazi ya mzoefu, na kwa mhudumu wa afya haina faida kubwa, kwa sababu wote wanaweza kubeba minyoo ile ile.

Shida inaanzia kwa vibapa vidogo. Gyraulus na Segmentorbis nao ni bapa, hawana kifuniko, na mara nyingi hawafiki sentimita moja. Hawahusiki na kichocho. Segmentorbis akishikiliwa dhidi ya mwanga huonyesha vijiukuta vyeupe ndani ya mrija. Gyraulus ni mwembamba, na mrija wake hupanuka haraka, mzunguko wa mwisho ukiwa mpana sana kuliko uliotangulia. Biomphalaria ana mrija mnene unaopanuka taratibu, mizunguko mingi ikionekana. Kibapa cha milimita tatu au nne hakitambuliki kwa macho. Rudi baada ya wiki kadhaa kwenye maji yale yale. Akiwa Biomphalaria, utawakuta waliokua.

Melanoides, kwa ufupi

Mrefu, mwembamba, mizunguko mingi, matuta na mistari juu ya gamba, madoa mekundu ya kahawia, kifuniko. Hakuna wa kumchanganya naye katika orodha ya kichocho, na bado ndiye anayeuawa sana kwa kuwa ni wengi na wanaonekana. Jike mmoja asiye na dume anaweza kujaza bwawa. Kwenye visiwa vya Karibi kama Martinique na Saint Lucia aliachiliwa makusudi, kwa sababu alipozidi kuongezeka Biomphalaria alipungua. Kwa hiyo kumponda si kwamba hakusaidii tu. Huenda unamsaidia jirani yake.

Maadamu tumefika kwenye matuta na mapambo: usiyape uzito mkubwa. Ziwa Tanganyika lina konokono wenye magamba manene, yenye mbavu na hata miiba, kama Tiphobia, ambao ukiwaona utaapa wametoka baharini. J. E. S. Moore, Mwingereza aliyelichunguza ziwa hilo mwishoni mwa karne ya 19, alishawishika kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Sivyo. Ni konokono wa maji baridi waliobadilika hapo hapo ziwani, na magamba manene yana maana kubwa pale penye kaa wanaoyavunja.

Pila na Pomacea: swali la wakulima wa mpunga

Mwaka 2020 Pomacea canaliculata, konokono wa asili ya Amerika Kusini, alitambuliwa kwenye mashamba ya Mwea, Kenya. Asia walishamfahamu kwa machungu: alipelekwa Taiwan karibu na mwaka 1980 ili afugwe kwa chakula, soko likakosekana, akatoka kwenye madimbwi na kuwa mla miche ya mpunga wa nchi nyingi. Tatizo kwa mkulima wa kwetu ni kwamba tunaye mwenyeji anayefanana naye, Pila ovata, mkubwa vilevile, wa mviringo vilevile, kulia vilevile, mwenye kifuniko vilevile. Huyu mwenyeji ni chakula cha korongo yule ambaye mdomo wake haufumbi katikati, aliyeumbwa hasa kwa kazi ya kumtoa konokono kwenye gamba.

Hapa majaribio mawili makuu hayasaidii, na zile istilahi tulizoziweka akiba ndizo zinazoamua. Pitisha ukucha kwenye mshono. Kwa Pomacea mshono umezama, ukucha unaingia kama kwenye mfereji, na mizunguko imeachana kwa bega. Kwa Pila mshono ni wa kina kidogo. Geuza gamba: kitovu cha Pomacea ni kipana na kirefu, cha Pila ni chembamba. Kisha kifuniko, lakini swali si kama kipo bali kimetengenezwa kwa nini. Cha Pila ni kigumu, kina chokaa, cheupe upande wa ndani. Cha Pomacea ni kama ukucha, kinapindika ukikibana.

Lakini nikiwa mkulima nisingeanza na gamba hata kidogo. Ningetafuta mayai. Pomacea hutaga mashada ya mayai ya rangi ya waridi iliyokolea juu ya maji, kwenye mashina ya mpunga, nguzo na kuta za mifereji. Ukiyaona, hakuna haja ya kugeuza mtu. Mayai ya Pila ni meupe. Na kwa wanaofikiria kumla: konokono hawa wanaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo kwa binadamu hushambulia ubongo. Asiliwe mbichi wala aliyeiva nusu.

Mahali gamba linaposhindwa

Tumeshamtambua Bulinus. Je, ni Bulinus yupi? Pwani na visiwani kuna wawili wanaokutana: B. globosus, mwenye tumbo la mviringo na mnara mfupi, na B. nasutus, aliyerefuka kidogo na mnara wa juu zaidi. Kwenye mchoro wa kitabu tofauti ni dhahiri. Kwenye beseni ni hadithi nyingine, kwa kuwa kuna globosus warefu na nasutus wanene, na umbo hubadilika kulingana na umri na maji.

Na tofauti hiyo ina uzito. Unguja na Pemba, kichocho cha kibofu hupitia kwa B. globosus, wakati B. nasutus wa visiwani hajaonekana kukipokea kimelea. Ukivuka bahari hadi Kwale, pwani ya Kenya, nasutus ndiye mbebaji anayetambulika. Kwa hiyo ukweli wa Unguja haufai kupelekwa bara, na wa bara haufai kuletwa Unguja. Watafiti walipotaka kuwatenganisha kwa uhakika visiwani, walitumia vipimo vya DNA, si vipimo vya gamba.

Hili lina matokeo ya fedha. Mpango wa kutokomeza kichocho Zanzibar ulioanza mwaka 2012 ulilinganisha njia tatu: dawa ya praziquantel peke yake, dawa pamoja na kuua konokono kwa niclosamide, na dawa pamoja na elimu ya kubadili tabia. Niclosamide huua konokono wa kila aina na samaki pia, kwa hiyo unataka kuimwaga pale tu penye Bulinus, na pa kumwaga hapajulikani bila mtu wa kutazama magamba.

Jambo jingine ambalo gamba halikuambii ni kama huyu konokono mwenyewe ameambukizwa. Hata kwenye maji yenye kichocho kingi, konokono wengi huwa hawana kimelea. Maabara humweka hai kwenye kichupa cha maji safi chini ya mwanga na kungoja kuona kama atatoa viluwiluwi, yaani vichanga vya minyoo vinavyoogelea majini, ambao wale wa kichocho cha binadamu hutoka zaidi kuanzia asubuhi ya jua kali hadi mchana. Saa hizo hizo ndizo watoto wako mtoni. Anayekusanya sampuli avae glavu na buti, atumie wavu wenye mpini mrefu, na asidharau maji kwa kuwa yanaonekana meupe: kiluwiluwi hupenya ngozi kwa dakika chache.

Ukitaka mtu mwingine athibitishe ulichokipata, swali la mwisho ni kumhifadhi vipi. Gamba kavu kwenye pamba linabaki na umbo lake miaka mingi, na linafaa kwa mshono, kitovu na upande wa kinywa. Lakini kifuniko hupotea, na mwili ukioza DNA huharibika. Konokono mzima kwenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi huhifadhi mwili na kifuniko, na ndiye maabara inayemtaka kwa swali la globosus na nasutus. Chukua wote wawili kama unaweza. Ukilazimika kuchagua, chukua wa spiriti. Karatasi ya maelezo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa, kwa sababu spiriti hufuta wino: jina la mahali, tarehe, kama maji yanatiririka au yamesimama, na kama watu huogea hapo.